Uhitaji si Ajira

Nchi yetu ina upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi na hisabati. Sentensi hii nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi, awamu moja ya uongozi hadi nyingine, na wakuu wa shule huirudia kila wapatapo mgeni kutoka wilayani. Ni ya kweli. Ipo sentensi ya pili, nayo ni ya kweli vilevile: wako wahitimu wengi wa ualimu wa sayansi na hisabati wasio na kazi, na baadhi yao hawajashika chaki tangu walipomaliza mazoezi ya kufundisha. Watu wazisikiapo sentensi hizi mbili kwa pamoja hudhani kuwa lazima mojawapo ni ya uongo. Mimi ninafundisha vijana wanaoishi katikati ya sentensi hizo, na makala haya yanahusu nafasi iliyopo baina yake, kwa sababu humo ndimo matarajio yao yanamopotelea.

Somo langu ni saikolojia ya elimu. Wengi wa wanaonisikiliza wanasoma shahada ya sayansi pamoja na elimu. Asubuhi wako maabara, mchana wako kwangu tukijadili namna mtoto anavyojifunza, usiku wanakokotoa maswali yaleyale ya hisabati wanayokokotoa wenzao wa shahada za sayansi tupu. Mtu anayejiandaa kufundisha Fizikia na Hisabati hapunguziwi uzito wa fizikia kwa sababu ataifundisha. Anaongezewa juu yake mbinu za ufundishaji, upimaji, falsafa ya elimu na ushauri nasaha. Nalitaja hili mapema kwa kuwa katika mazungumzo ya mitaani, na wakati mwingine ndani ya vyuo vyenyewe, ualimu huzungumzwa kana kwamba ni mahali pa kuwapumzisha walioshindwa.

Kila mwaka tufikapo kwenye mada ya uchaguzi wa kazi, huwagawia wanafunzi karatasi tupu na kuwaomba waandike mambo mawili bila kutaja majina yao. La kwanza ni kazi wanayoitamani. La pili ni kazi wanayoitarajia. Zoezi hilo si utafiti na sijawahi kulitungia takwimu. Nia yake ni kufungua mjadala. Nikizikusanya karatasi huzisoma kwa sauti. Upande wa matamanio huwa na rangi nyingi: daktari, mfamasia, mhandisi, mtafiti wa mbegu, ofisa wa benki, rubani, mbunge, mfanyabiashara wa madini, na hapa na pale mwalimu. Upande wa matarajio hauna rangi hizo. Karatasi baada ya karatasi imeandikwa neno moja, mwalimu, na mara nyingi limefuatiwa na maneno mengine mawili: wa serikali.

Mwaka mmoja kijana aliyekaa safu za nyuma aliomba kueleza karatasi yake, ingawa hakulazimika. "Mimi sikuchagua ualimu, Dokta," alisema. "Nilichagua mkopo. Ualimu ulikuja nao." Darasa zima lilicheka, na kilikuwa kicheko cha watu waliosikia wametajwa.

Kauli kama hiyo ikifika mezani kwa viongozi hutafsiriwa haraka kuwa vijana wetu hawana uelewa wa kazi, wanasoma bila malengo, na wanahitaji semina. Mimi ninaitafsiri vingine. Kijana yule alikuwa na uelewa mkubwa. Alijua kwamba kwa miaka mingi miongozo ya mikopo ya elimu ya juu imeuweka ualimu wa sayansi na hisabati katika kundi la kipaumbele. Alijua kwamba familia yake haina uwezo wa kumlipia ada. Alijua kwamba ufaulu wake wa kidato cha sita haukutosha kushindania udaktari wa binadamu. Aliziweka taarifa hizo tatu pamoja na kufikia uamuzi ambao hata mchumi angeuita wa busara.

Mwaka 1965 msomi aitwaye Philip Foster alichapisha matokeo ya utafiti aliokuwa ameufanya nchini Ghana. Wakati ule watawala wengi wa Afrika walilalamika kwamba shule zinawajaza vijana ndoto za kukaa ofisini, na kwamba dawa yake ni kubadili mtaala uwe wa kilimo na ufundi. Foster aliwauliza vijana wenyewe, akatenganisha kazi wanazozitamani na kazi wanazodhani watazipata. Aligundua kwamba matarajio yao yalikuwa chini sana ya matamanio yao, na kwamba walikuwa wanausoma uchumi wa nchi yao kwa usahihi. Walipenda elimu ya kitaaluma kwa sababu ndiyo iliyofungua milango yenye mishahara. Hoja yake imebishaniwa kwa miongo kadhaa, lakini swali lake bado ni zima: kabla hujamlaumu kijana kwa kutarajia jambo fulani, chunguza ni nani aliyemfundisha kulitarajia.

Nani basi aliyewafundisha wanafunzi wangu kuandika "mwalimu wa serikali"? Jibu lake ni historia, na historia hiyo haikuanza jana.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, serikali ilihesabu wataalamu iliowahitaji na ikawasomesha kwa hesabu hiyo. Lengo lililowekwa lilikuwa nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo mwaka 1980. Aliyesomeshwa kwa fedha za umma alijua atakwenda kuutumikia umma, na umma ulijua utampokea. Mgogoro mkubwa wa Oktoba 1966, ambapo mamia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu walifukuzwa na Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, ulihusu masharti ya utumishi katika Jeshi la Kujenga Taifa na malipo yake. Hakuna aliyeandamana siku ile kuuliza kama kazi ipo. Kazi kuwapo lilikuwa jambo lililokwisha.

Ulinganifu huo wa uhitaji na nafasi ulitikiswa baadaye na hali mbaya ya uchumi na kupunguzwa kwa watumishi wa umma katika miaka ya 1990, lakini kwa upande wa ualimu ulirejea kwa nguvu mpya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, ulianza mwaka 2004. Shule za sekondari ziliongezeka kutoka takriban 1,300 mwaka huo hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009, nyingi zikiwa shule za kata. Walimu walihitajika haraka kiasi kwamba vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, na wananchi wakawabatiza jina la utani "vodafasta". Vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vilianzishwa mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007. Vyuo binafsi navyo vilifungua shahada za ualimu, kwani soko lilikuwa wazi.

Nami ni zao la zama hizo. Nilipomaliza shahada yangu ya kwanza hakuna aliyeniuliza nimeomba kazi wapi. Majina yalitangazwa, nikalitafuta langu, nikaona na wilaya niliyopangiwa, nikapanda basi. Wahitimu waliokuja baada yetu walipangiwa kwa utaratibu huohuo kwa takriban miaka kumi. Kwa hiyo katika kila kijiji chenye shule ya sekondari alikuwapo kaka au dada fulani aliyesoma ualimu na "akapangiwa". Mafundisho ya kazi yaliyowafikia wanafunzi wangu hayakutoka kwenye kitabu wala kwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Yalitoka kwa kaka huyo, aliyerudi nyumbani likizo ya Desemba akiwa na shati jipya na mabati ya mama yake.

Kisha ukaja mwaka 2016. Elimu ya msingi bila ada, iliyoanza Januari mwaka huo hadi kidato cha nne, iliongeza wanafunzi madarasani. Mwaka huohuo ajira mpya serikalini zilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi ikawekwa hadharani. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma, programu iliyobuniwa mahususi kuziba upungufu wa walimu hao, waliamriwa kurudi nyumbani. Waliothibitika baadaye kuwa na sifa walihamishiwa vyuo vya ualimu. Mtu anaweza kuutetea uhakiki, na mimi ninautetea. Lakini tazama alichokiona kijana wa kidato cha tano mwaka ule: uhitaji ulipanda na milango ikafungwa, vyote viwili ndani ya miezi michache.

Ajira zilirejea kidogo kidogo, kipaumbele kikiwa kwa walimu wa sayansi na hisabati, ila utaratibu ulikuwa umegeuka. Hakuna tena kupangiwa. Mhitimu anaomba mtandaoni, anasubiri, anaomba tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu waliitwa kwenye usaili chini ya Sekretarieti ya Ajira: nafasi 14,648, waombaji 201,707 wa ngazi na masomo yote. Kwa hesabu nyepesi, kila kiti kimoja kiligombewa na watu wapatao 14. Humo walikuwamo waliohitimu mwaka 2015, ambao walikuwa wamesubiri kwa muda unaotosha mtoto kuanza darasa la kwanza na kufika sekondari.

Hapa ndipo ninapoomba wanafunzi wangu, na pia watumishi wa umma wanaosoma makala haya, tulitazame neno "upungufu" kwa makini. Shule inapokosa mwalimu wa fizikia, huo ni uhitaji. Mkuu wa shule huupeleka kwa Ofisa Elimu wa halmashauri. Halmashauri huuingiza kwenye ikama na bajeti ya mwaka unaofuata. Kutoka hapo uhitaji lazima ukutane na mambo mawili ambayo hayapo shuleni wala kijijini: kibali cha ajira kutoka Utumishi na fedha ya mshahara kutoka Hazina. Mpaka kibali na fedha vipatikane, upungufu hubaki upungufu. Unaweza kuwa mkubwa kiasi gani, unaweza kusikitisha kiasi gani, haumlipi mtu mshahara. Ajira ni uhitaji ambao umepewa kibali na fungu. Tofauti hii kila ofisa rasilimali watu anaijua kama jina lake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajawahi kuambiwa.

Niliiona tofauti hiyo ikiwa na sura ya binadamu nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata, mkoa wa kati. Mwanafunzi niliyemfuata alikuwa binti wa mwaka wa pili, Fizikia na Hisabati. Alifundisha kidato cha tatu mada ya mwanga. Maabara ilikuwa na meza nzuri na mabomba yasiyotoa maji. Kioo cha kujitazamia alikikopa kwa mpishi wa walimu, tochi ilikuwa ya simu yake, na kwa vitu hivyo viwili aliwaonesha watoto 60 na ushee kwamba pembe inayoingia na pembe inayorudi ni sawa. Waliipima wenyewe kwa vipimapembe vyao. Nilimpa alama za juu na ninaamini alizistahili.

Baada ya kipindi mkuu wa shule alinikaribisha ofisini. Alikuwa mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu, mwalimu wa Kiswahili na Historia.

"Dokta, huyu binti mtaniachia?"

"Mzee wangu, bado anasoma. Mwezi ujao anarudi chuoni."

"Najua. Nauliza akimaliza. Tangu mwalimu wetu wa fizikia ahamishwe, yeye ndiye wa kwanza kusimama mbele ya watoto hawa na somo hilo."

Sikuwa na la kumjibu lenye msaada. Akimaliza ataomba kupitia mfumo, na mfumo unaweza kumpeleka mkoa mwingine, au usimpeleke popote. Mkuu wa shule anayemhitaji hana mamlaka ya kumwajiri. Wenye mamlaka ya kumwajiri hawajawahi kumwona akifundisha. Mzee yule alitaja njia moja iliyobaki: wazazi wachange, binti arudi kama mwalimu wa kujitolea, apewe posho ya nauli na chakula. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na nilimwelewa. Watu waungwana huona aibu kumwomba msomi afanye kazi kamili kwa nauli.

Walimu wa kujitolea wamezibeba shule nyingi, na ninawaheshimu. Hata hivyo tusijidanganye kuhusu maana yake. Mhitimu anayejitolea miaka mitatu ni mtu ambaye uhitaji wa kazi yake umethibitishwa kila asubuhi na kengele ya shule, na deni lake la mkopo wa elimu bado linamngoja. Siku atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kulilipa. Mwalimu huyo amekwisha kulipa mara moja kwa jasho.

Katika darasa langu tunasoma nadharia za maendeleo ya kazi. Donald Super wa Marekani alieleza kwamba mtu hupita hatua: hukua, huchunguza, hujiimarisha, huidumisha kazi yake, kisha hung'atuka, na kwamba kuchagua kazi ni kuitekeleza picha mtu aliyonayo kuhusu nafsi yake. Nadharia hiyo ninaifundisha kwa heshima, halafu nawauliza wanafunzi: hatua yako ya uchunguzi ilikuwa lini? Wengi hujibu kwamba ilikuwa kidato cha pili kwenda cha tatu, walipotakiwa kuamua kuendelea na fizikia au kuiacha, na uamuzi ulifanywa na kuwapo au kutokuwapo kwa mwalimu. Mtoto aliyesoma shule isiyo na mwalimu wa fizikia hakuwahi kuichunguza fizikia. Mlango wa uhandisi ulifungwa akiwa na miaka kumi na mitano, na hakusikia hata bawaba zikilia. Hivyo upungufu wa walimu wa sayansi huzaa upungufu wa chaguo kwa kizazi kinachofuata, na baadhi ya watoto wa kizazi hicho hufika kwangu wakiwa wamebakiwa na chaguo moja ambalo nalo halina uhakika.

Matarajio pia hugeuka kuwa mazoea ya kusoma. Zama za kupangiwa, ufaulu wa juu na ufaulu wa kuvukia ulimfikisha mtu kwenye kituo kilekile, basi wapo waliosoma ili wavuke. Leo wapo wanaosoma hivyohivyo kwa sababu iliyo kinyume: wameshawishika kwamba kazi haipo hata ukisoma. Uhakika kamili na kukata tamaa kabisa vimemfikisha mwanafunzi mahali pamoja, kwenye nakala za mitihani iliyopita. Anayeumia ni mtoto wa kidato cha tatu ambaye siku moja atapata, au hatapata, mwalimu anayejua kufanya jambo la maana kwa kioo cha kukopa na tochi ya simu.

Viongozi wetu wana jibu lililo tayari: vijana wajiajiri. Sitaki kulikebehi jibu hilo. Ninawafahamu wahitimu wa ualimu wa sayansi wanaotengeneza sabuni na dawa za usafi kwa kemia waliyoisoma, wanaofuga kuku kwa kumbukumbu nzuri kuliko wafugaji wengine, wanaofundisha watoto majumbani, na walioingia shule binafsi na kuwa nguzo zake. Lakini jibu hilo lina tundu. Dola ilimsomesha mtu huyu kwa mkopo wa kipaumbele kwa hoja kwamba shule za umma zinamhitaji. Akijiajiri kwa sabuni amejisaidia yeye, na hilo ni jema. Fizikia ya kidato cha tatu katika shule ya kata imebaki bila mtu. Kujiajiri kunaweza kupunguza ukosefu wa kazi. Hakujazi nafasi ya mwalimu. Tena milango ya pembeni ni myembamba kuliko inavyodhaniwa: mhitimu wa Kemia na Elimu aombapo kazi ya maabara katika taasisi ya umma, mara nyingi hukuta tangazo linataka shahada ya kemia yenye jina hilo tu, kwa kuwa muundo wa utumishi umeandikwa hivyo. Amesoma kemia ileile, katika maabara ileile, na neno "Elimu" kwenye cheti chake linamhesabia hasara.

Nini kifanyike? Nina mambo matatu, na yote yanatekelezeka bila kungoja utajiri.

La kwanza linahusu serikali. Takwimu za upungufu hutangazwa; takwimu za vibali zitangazwe pamoja nazo, kwa somo na kwa halmashauri, kila mwaka, kabla dirisha la udahili wa vyuo halijafunguliwa. Kijana anayeamua kusoma Biolojia na Kemia aone kwenye ukurasa mmoja shule zinahitaji walimu wangapi wa masomo hayo, bajeti imeruhusu wangapi, na wahitimu wangapi wanasubiri. Taarifa hizo zipo ndani ya ofisi za umma, kwani bila hizo ikama haiandikwi. Kuzificha, hata kwa uzembe tu, ni kumwachia kaka wa mwaka 2010 kazi ya kumshauri mdogo wake wa leo.

La pili linahusu vyuo vyetu. Tunapenda kuhesabu tuliowadahili na tuliowahitimisha. Tuwahesabu pia waliofika kazini, na tuwaeleze wanaoomba kuingia matokeo ya hesabu hiyo, hata kama yatapunguza waombaji. Shahada ya sayansi na elimu ipangwe ili mhitimu aweze kuthibitisha uwezo wake katika sayansi yenyewe mbele ya mwajiri asiye shule, na vyuo vizungumze na Utumishi kuhusu miundo inayomtenga. Ushauri wa kazi uwe wa mwaka wa kwanza, uwe na namba ndani yake, na usiishie kwenye mzungumzaji mgeni anayewaambia vijana wathubutu.

La tatu linawahusu ninyi wanafunzi, na ninalisema kama mwalimu wenu. Msiache kutarajia. Yagawanyeni matarajio yenu sehemu mbili. Sehemu moja ni nafasi, yaani kiti chenye kibali na mshahara. Hiyo haiko mikononi mwenu, na mna haki ya kuidai kama raia, kwa hoja na kwa takwimu, kama walivyoanza kufanya walimu wasio na ajira waliojikusanya mwaka 2025. Sehemu ya pili ni taaluma, yaani uwezo wa kumfanya mtoto aelewe jambo ambalo jana hakulielewa. Hiyo haihitaji kibali na haina tarehe ya kufungwa kwa maombi. Mtu mwenye taaluma bila nafasi ana hoja ya kudai. Mwenye nafasi bila taaluma ana mshahara, na darasa lake linajua.

Ninaombwa mara nyingi kuwa mdhamini. Kila nafasi zinapotangazwa simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa niliowafundisha: Shikamoo Dokta, naomba nikuandike tena. Neno ninalolitazama katika ujumbe huo ni "tena". Huwajibu wote, na huwaandikia kila mara, kwa sababu kumkumbuka mtu ni sehemu ya malipo ambayo mwalimu anaweza kuyatoa bila kuidhinishiwa fungu.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeweka mtihani ambao tarehe yake inajulikana. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita. Mwaka huohuo watamaliza wenzao wa darasa la saba wa utaratibu wa zamani. Januari 2028, mikupuo miwili ya watoto itaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Wanafunzi wa shahada ya miaka mitatu waliodahiliwa mwaka 2025 watahitimu mwaka huo wa 2028. Uhitaji utakuwa mkubwa kuliko tulivyowahi kuuona tangu shule za kata, na walimu wa kuukidhi watakuwa wametoka mikononi mwetu wakiwa na vyeti vipya.

Hakuna atakayeweza kusema kwamba jambo hilo lilitujia ghafla. Kati ya sasa na siku hiyo yamo mabunge ya bajeti yanayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika kila moja atasimama mtu kusema kwamba nchi ina upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi na hisabati. Wanaharakati wanaosoma hapa, na wabunge wanaosikia yanayosemwa hapa, wamwulize swali moja kabla hajaketi: kati ya hao wanaopungua, wangapi wana kibali na fungu la mshahara mwaka huu? Jibu lake likiwa namba, liandikwe na lisambazwe vyuoni. Ndilo somo la uelewa wa kazi ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kufundishwa.